Kisamo Yupi Tunamjengea Kaburi?

Moshi, Jumapili, Novemba. Jioni.

Mvua ya vuli inanyesha tangu asubuhi, ile ya rasharasha isiyokulowesha sawasawa wala kukuacha mkavu. Mlima haujaonekana wiki nzima. Nimekaa kwenye intaneti kafe karibu na stendi, viatu vyangu vina tope la Kilema, kwetu mlimani, mpaka kwenye kamba, na mwenye kafe ameviangalia, akaangalia sakafu yake, akaamua kunyamaza. Ananijua. Mgao wa umeme haujatufikia bado, kwa hiyo naandika mbiombio.

Nimekasirika. Nianze na hilo, ili ninyi wachache mnaopita hapa msije mkadhani leo kuna mapishi ya mtori.

Nimewakasirikia ndugu zangu walio hai, nimewakasirikia waliokufa, na mchana huu nimemkasirikia hata babu yangu, ambaye alikuwa katekista na ndiye aliyenifundisha kusali. Nikieleza yote huenda nikapoa.

Mambo yenyewe ni ya kaburi. Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu na mkubwa wa nyumba yetu, ameamua kwamba Krismasi hii, ukoo wote ukishapanda nyumbani kama kawaida yetu Wachagga, tutazindua kaburi la Babu Kisamo. Kaburi lipo siku zote. Ni rundo la mawe upande wa juu wa kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani ambamo ukoo unaishi, unalima na kuzikana humo humo. Tangu tukiwa wadogo tulikatazwa kukalia mawe yale. Baba Mkubwa anataka sasa liwe la saruji na vigae, juu yake kibao cha marumaru, padri aje alibariki na mbuzi wachinjwe. Kisamo ndiye aliyekifungua kihamba hicho, enzi za kabla ya Wajerumani. Ndiye mwanzo wetu.

Baba Mkubwa mwenyewe anaitwa Kisamo, kwa heshima ya mzee huyo. Moyo wake umechoka. Daktari alimwambia apunguze chumvi na hasira, akapunguza chumvi. Ameshaonyesha mahali anapotaka kuzikwa, pembeni mwa rundo lile la mawe, Kisamo kando ya Kisamo. Ndiyo maana ana haraka, na ndiyo maana hakuna mtu nyumbani anayethubutu kumwambia asubiri.

Kazi ya kutafuta maneno ya kibao nilipewa mimi, eti kwa kuwa nafundisha historia sekondari. Mimi ni binti. Sitarithi mgomba hata mmoja na sitazikwa humo. Lakini ikija kazi ya kuzunguka kwa wazee na kuuliza, hapo ghafla nami ni mtu wa ukoo.

Fundi wa marumaru anataka maneno ifikapo Jumatano. Ana mtindo wake: jina, alizaliwa lini, alifariki lini, halafu mstari mmoja wa chini. Nilipomwambia miaka sina, alinijibu kwamba kibao bila miaka hakikai vizuri kwa macho.

Nimehangaika na miaka hiyo tangu Septemba.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wiki hii hii nimewafundisha kidato cha tano habari za mkulima wa Marekani wa karne ya kumi na tisa. Mtu yule namjua kuliko ninavyomjua jirani yangu wa Majengo. Najua alivyofunga mizigo yake kwenye gari la ng'ombe akaelekea magharibi. Najua nyumba yake ya magogo, mahindi yake, jembe lake la chuma, na mke aliyezaa watoto wengi akazika baadhi yao njiani. Mtihani ukija, wanafunzi wangu watamwandika kurasa tatu bila kukohoa. Msichana mmoja akainua mkono akauliza mkulima wa hapa kwetu, wa wakati huo huo, alikuwa akifanya nini. Nikasema tutafika huko.

Hatutafika. Haimo kwenye muhtasari, na mwalimu mwenyewe hajui.

Na si kwamba sikuwa nimeuliza. Nilianza na shangazi zangu, nikaja kwa binamu za baba, nikamalizia kwa wazee wa jumuiya. Kila mtu alikuwa na Kisamo wake. Kisamo alichimba mfongo, yaani mfereji ule wa maji unaotoka korongoni juu na kupita kwenye vihamba vyote vya kwetu, ambao mpaka leo unaitwa mfongo wa Kisamo. Kisamo aliwaficha ng'ombe chini ya ardhi watu wa mangi mwingine, yaani chifu, walipokuja kupora. Kisamo aliwabebea Wazungu mizigo mlimani. Kisamo alipanda mbuni wa kahawa wa kwanza kijijini. Kisamo alibatizwa Petro akiwa kitandani. Kisamo hakubatizwa kabisa, alimfukuza padri kwa fimbo.

Siku moja nilibaki darasani watoto wakishatoka, nikayapanga yote ubaoni. Kama yote ni kweli, mzee huyu alikuwa na ndevu kabla Mzungu hajaonekana Kilema, na bado alikuwa akipanda kahawa wakati babu yangu anajifunza kutembea. Hata Musa alipewa miaka mia na ishirini tu, na hakubebeshwa mizigo ya watalii.

Nilipomweleza Baba Mkubwa hesabu hiyo, alisema watu wa zamani walikula vizuri.

Jana nikaenda Kirua kwa Bibi Anansia. Ndiye dada pekee aliyebaki wa babu yangu katekista. Aliolewa huko akiwa msichana, kwa hiyo watu wa kwetu wamemsahau kidogo kidogo, kama tunavyowasahau mabinti wote wanaovuka bonde. Hakuna aliyeniambia nimuulize yeye. Walinitajia wanaume watupu, hata wale waliozaliwa juzi.

Nilimkuta jikoni anamenya ndizi za machalari. Macho yake hayaoni vizuri lakini kisu hakikosei. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba huku akinipapasa uso kujua mimi ni wa nani, kisha nikamweleza nilichofuata. Nataka habari za baba yake, Kisamo aliyechimba mfongo.

Bibi aliacha kumenya.

"Baba yangu mimi?" akasema. "Choo chenyewe kilimshinda kuchimba, aje achimbe mfongo?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Hapo ndipo nilipoanza kuuona ujinga wetu, na ni ujinga wa Kichagga hasa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Kisamo alimzaa Ndewingia, Ndewingia akamzaa Kisamo, Kisamo huyo akamzaa Ndewingia, ambaye ndiye babu yangu katekista, naye akamzaa Kisamo, Baba Mkubwa. Jina linaruka kizazi kimoja na kurudi. Wazee husema ndivyo mtu anavyorudi nyumbani. Sasa mzee wetu amerudi na kurudi mpaka tumesahau kwamba walikuwa watu mbalimbali. Tumemchukua wa kwanza na wa pili, tukawashona kuwa mtu mmoja.

Historia nimeisomea chuo kikuu. Haikunijia akilini.

Aliyelala chini ya yale mawe ni Kisamo wa pili, baba yake Bibi Anansia. Huyo ndiye aliyebeba mizigo ya Wazungu na kupanda mibuni, akabatizwa Petro siku zake za mwisho. Alikuwa mpole, mpenda mbege, pombe yetu ya ndizi, na hadithi, na mvivu wa jembe, kwa maneno ya binti yake mwenyewe.

Aliyechimba mfongo ni babu yake huyo, Kisamo wa kwanza. Bibi hakumkuta, alisimuliwa na baba yake. Kisamo wa kwanza hakuwa mtoto wa kwanza wala wa mwisho kwao, na kwetu wale wa katikati ndio wanaoambiwa wakatafute pori lao. Akaja upande huu na mke, mbuzi, na machipukizi ya migomba. Akapanda migomba, ikakauka. Akapanda juu korongoni kutafuta maji, watu wakamcheka, kwa sababu kati ya maji na shamba lake kulikuwa na mwamba. Yeye alikuwa akimimina maji ya kibuyu ardhini kidogo kidogo na kutazama yanaelekea wapi, na pale yalipoelekea ndipo alipochimba. Alichimba kiangazi baada ya kiangazi akiuzungusha mfereji kando ya mwamba, mke wake akibeba udongo kwa kikapu. Maji yalipofika kihambani, wale waliocheka ndio waliotangulia kuja kuomba zamu.

Nilisikiliza nikimfikiria yule Mmarekani wangu na gari lake la ng'ombe. Karne ni ile ile. Na huyu wa kwangu, aliyeugeuza mto, hana hata aya moja. Nilitaka kulia kwa hasira pale pale jikoni kwa watu.

Kisha nikauliza yeye basi amezikwa wapi.

Bibi akanieleza kama mtu anayeeleza ilipo chumvi. Enzi hizo mwenye nyumba alizikwa ndani ya nyumba yake. Baadaye, mwili ukishaisha, wanawe walifukua, wakalitoa fuvu, wakaliweka kwenye chungu, na chungu wakakificha chini ya masale pembeni mwa kihamba, uso ukielekea kilele cha Kibo. Masale ni ile mimea yenye majani marefu tunayoipanda mipakani. Ndiyo hiyo hiyo tunayochuma jani lake tunapokwenda kuomba msamaha, kwa sababu mtu ukimpelekea isale, jani moja la masale, hana ruhusa ya kukukatalia. Hayo hata watoto wanayajua. Tusilolijua, mimi na Baba Mkubwa na wengine wote, ni kwamba yale masale ya kona ya chini ya kihamba chetu hayakuwa mpaka tu.

Bibi alipokuwa mdogo, kila kabla ya kupanda, baba yake alimchukua amshikie kibuyu cha mbege, wakashuka wote mpaka kona ile. Mzee alimimina kidogo, akaita jina ambalo lilikuwa pia jina lake, akamwomba babu asiache mfongo ukauke. Kisha kaka yake Bibi akakua, akawa katekista, na mambo ya mafuvu yakakoma kutajwa. Watoto wake walipomuuliza masale yale ni ya nini, aliwaambia ni mpaka, wasiyaguse. Hakutaka kuwafundisha mizimu, na hakutaka wamkanyage mzee. Akachagua jibu fupi lililomtosha kwa siku zake.

Sisi halikututosha.

"Masale bado yapo?" Bibi akaniuliza.

Nikasema yapo.

"Basi nikifika huko nitamwambia mmemtunza," akasema, akarudi kwenye ndizi zake.

Machalari yake sikuyala vizuri. Nilimdanganya mtu mzima jikoni kwake, kwa sababu sikuwa na mdomo wa kumwambia kilichotokea Desemba iliyopita.

Desemba kwetu ni magari. Kila aliyepata chochote Dar au Arusha anapanda nacho nyumbani kionekane. Baba Mkubwa alichoshwa na magari kuziba njia ya kijiji. Upande wa chini wa kihamba alikuwa ameshaing'oa mibuni, siku zile bei ya kahawa ilipoanguka na wanunuzi binafsi wakaja kwa kelele kisha wakapotea. Akapanda nyanya, nazo zikamshinda. Eneo likabaki tupu, isipokuwa ile kona ya masale. Mpima ardhi alikuwa ameshaweka bikoni za saruji mipakani, kwa hiyo Baba Mkubwa akasema sasa masale yamestaafu. Vibarua wakayang'oa, wakasawazisha, wakamwaga moramu.

Krismasi tuliegesha pale. Tulichoma nyama pembeni, tukanywa, tukapiga picha tumeegemea maboneti.

Tulimwegeshea mwanzo wetu magari kichwani.

Leo alfajiri nikapanda Kilema. Nilisali misa ya kwanza, nikamsubiri Baba Mkubwa amalize mambo yake ya halmashauri ya parokia, tukaenda nyumbani. Nilimweleza sebuleni tukiwa wawili, polepole, Kisamo mmoja baada ya mwingine. Nilitegemea hasira, zikaja. Alisema Bibi Anansia amezeeka, hajui asemalo. Alisema mimi nilitumwa kuleta miaka nikamletea mafuvu. Alisema baba yake, katekista, mtu asiyejua uongo, alimwambia kwa kinywa chake kwamba masale yale ni mpaka. Akaniamuru nirudi kwa fundi nikaandikishe alivyosema yeye, na kama shida ni miaka, nichague inayofaa.

Nichague inayofaa. Mimi, mwalimu wa historia.

Nilikaribia kunyanyuka niondoke. Nadhani ningeondoka kweli, kama si swali lililokuwa likinisumbua tangu Kirua. Nikamuuliza vibarua walipong'oa masale walikuta nini.

Alichukua fimbo na kofia, akatoka, nikamfuata mpaka kwenye moramu. Alikuwa akigusa chini kwa fimbo, hapa, kisha pale, kama mtu aliyeangusha ufunguo.

"Walitoa chungu," akasema. "Kimevunjika vunjika. Nikawaambia wajazie humo humo."

Baba Mkubwa sijawahi kumwona akilia, hata siku tulipomzika baba. Leo alilia, akajifuta kwa kofia iliyolowa, ikazidi kumlowesha. Nilitaka kumshika mkono nikaogopa. Akauliza, wala hakuwa akiniuliza mimi, kwamba sasa yeye azikwe kando ya nani.

Hasira zangu kwake zikaisha pale. Zikahamia kwetu wote. Wanasema majuto ni mjukuu, na kwetu wajukuu ndio sisi tuliokuwa tumeegemea maboneti. Nyumba nzima ya wasomi, kuna daktari, kuna mhasibu, kuna mimi, na hakuna aliyewahi kumwendea bibi mmoja ng'ambo ya bonde akamuuliza.

Tulikaa barazani tukakubaliana. Moramu itaondolewa kwa majembe ya mkono, taratibu, na wanaukoo wenyewe. Kona irudi kuwa kona. Kisamo wa pili atawekewa saruji yake pale juu, kwa sababu naye ni mzee wetu na hakuna ubaya kuwa mvivu. Padri ataelezwa. Baba Mkubwa anasema padri ni Mchagga, ataelewa kuliko anavyoruhusiwa kusema.

Lakini kabla ya jembe kugusa pale ni lazima kuombwe radhi. Huwezi kumfunika mzee hivyo, ukamrudia na mdomo mtupu. Inatakiwa isale. Hilo Baba Mkubwa, na halmashauri yake yote ya parokia, hakubishana nalo hata kidogo.

Tukalitafuta isale. Tulizunguka kihamba kizima kwenye rasharasha, mzee wa moyo mchovu na mwalimu wa viatu vya mtumba, kutoka kwenye mawe mpaka kwenye zizi, kutoka zizini mpaka kwenye mfongo. Hatukulipata. Kumbe yalikuwa kona ile tu.

Masale yapo kwa jirani, Mzee Aloisi. Yanaonekana hata ukiwa barazani kwetu, yamezunguka banda lake la nguruwe, yamenawiri. Nikasema afadhali. Baba Mkubwa akaniambia niyatazame vizuri. Ni yetu. Vibarua walipoyatupa njiani mwaka jana, mke wa Aloisi aliyaokota akayachomeka. Isale halifi kwa kung'olewa, ukilichomeka popote linashika.

Na sasa ndiyo sehemu ambayo hakuna mtu wa kwetu atakayefurahi kuisoma hapa.

Mpima ardhi alipokuja, bikoni ya kona ile haikuwekwa kwenye masale. Iliwekwa ng'ambo yake, ndani kwa Aloisi, ikameza mstari wa migomba yake. Aloisi alilalamika mpaka baraza la kata, akisema kona yetu ni masale tangu enzi za babu zake na babu zetu. Baba Mkubwa alikuwa na ramani, Aloisi alikuwa na masale. Miezi michache baadaye masale yakang'olewa, na mimi, kama wote, niliamini ni kwa ajili ya magari. Leo nikiwa nimesimama pale na Baba Mkubwa, sikumuuliza, na yeye hakuniangalia. Tangu wakati huo yeye na Aloisi hawasalimiani. Hata kanisani, padri akisema tupeane amani, kila mmoja anatazama madhabahu.

Kwa hiyo hali yetu ni hii. Tunahitaji isale tumwombe radhi Kisamo. Isale liko kwa Aloisi. Aloisi tumemkosea, na mtu uliyemkosea huendi kwake bila isale.

Utamwendeaje mtu kumwomba isale bila isale mkononi?

Baba Mkubwa aliliwaza hilo muda mrefu, fimbo ikiwa katikati ya magoti. Mwishowe akapata jibu.

"Nenda wewe," akaniambia. "Wewe ni binti. Huna mpaka na mtu."

Alilisema kwa upole, na ndivyo lilivyonichoma zaidi. Nikamjibu, na hii ni mara yangu ya kwanza kumjibu hivyo Baba Mkubwa, kwamba isale likiombwa na asiyekosa ni jani tu. Nitakwenda, lakini nyuma yake. Yeye atangulie. Na bikoni ile nayo tuizungumze tukiwa huko huko, mbele ya mwenye migomba.

Alikuwa akiitazama bikoni, na mvua ilikuwa ikiosha moramu kidogo kidogo kuelekea kwa Aloisi. Nikamuaga nikashuka Himo kutafuta usafiri.

Jumatano nitampelekea fundi maneno yake. Kisamo, mwana wa Ndewingia, mwana wa Kisamo. Chini hakuna mstari, na miaka hakuna. Akiniambia hakikai vizuri kwa macho, nitamwambia hata sisi wenyewe hatukai vizuri. Na yule msichana wa kidato cha tano nitamwita kesho mapumziko, nimweleze habari za mtu aliyeyafuata maji ya kibuyu. Mtihani hautamuuliza. Nitamweleza hivyo hivyo.

Jumamosi napanda tena. Sijui kama nitamkuta Baba Mkubwa getini amevaa kofia yake ananisubiri, au kama nitapiga hodi kwa Aloisi peke yangu, mkono mtupu.